Wakuu, vidole vinakufa ganzi kwenye baiskeli, niweke gripu gani?

Wakuu habari, naendesha baiskeli kila siku kwenda na kurudi job, kama dakika 40 hivi, usukani ni ule wa kawaida ulionyooka. Gripu (ile mipira ya kushikia kwenye usukani) ilizokuja nazo zimeanza kunata kama zimepakwa asali, viganja vinabaki vyeusi, na siku hizi nikifika kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi. Nimeangalia za kununua nimechanganyikiwa, kuna sponji, silikoni, ngozi, zenye bawa, za kukaza na skrubu... Sina mashindano mimi, nataka nifike nikiwa naweza kushika kalamu. Mnatumia zipi?

pedeli_moja: Ngoja waje wajuzi, nimekaa paleee 🍿

MnyororoMkavu: Vidole hivyo viwili mkuu ni neva inayopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, gripu ya duara inaikandamiza hapo hapo. Chukua zenye bawa, yaani kipande bapa cha kulazia kiganja, uzito unatawanyika kiganja kizima. Ila wengi wanalifunga vibaya, bawa linaangalia juu mkono unapinda, halafu wanasema gripu mbovu. Kaa kwenye siti, shika breki kama kawaida, zungusha mpaka kiganja kilale chote ndo ukaze. Na ziwe za skrubu, maana mara ya kwanza hutapatia.

dada_spoku: Gia zako ni za kuzungusha au kubonyeza? Za kuzungusha zinakula nafasi kwenye usukani, zinataka gripu fupi, kama milimita 90 badala ya 130, mi nilibeba ndefu bila kupima nikabaki nazo kama pambo. Kipenyo kisikuumize kichwa, usukani ulionyooka karibu zote ni milimita 22.2.

(mleta uzi): Za kubonyeza dada. Na sponji je, nikizishika naona laini balaa

dada_spoku: Huo ulaini ndo mtego. Kiganja kinazama mpaka kinakuta bomba, tena sponji laini zinakunywa jasho na mvua. Silikoni ngumu ngumu kidogo afadhali, ila haina skrubu, unaivalisha kwa spiriti inateleza ikikauka inashika, usije ukapaka oili utabaki na gripu mkononi kwenye kona 😂 Hizo za zamani pitisha wembe tu zitoke.

MnyororoMkavu: Kabla hujatoa hela, hebu kacheki pua ya siti. Ikiinama unateleza mbele, mikono inabeba mwili mzima, hapo hata gripu ya dhahabu haisaidii.

(mleta uzi): Nimetoka kuangalia... imeinama kama inachimba kisima 🤦 Nimeinyoosha, kesho najaribu. Za bawa nanunua tu, hii asali imenichosha.

pedeli_moja: Angalia ziwe na vizibo mwishoni, bomba la usukani likiwa wazi ukidondoka linachimba nyama, nina kovu la mduara tumboni mpaka leo