Safari ya binti anayetimiza miaka 12, yeye na wazazi wake tu: tuipangeje?

MzaziWaTatu
Habari zenu wadau. Binti yetu wa kwanza anatimiza miaka 12 na tumeamua zawadi iwe safari: yeye, baba na mama, usiku tano, nje ya nchi, kwa ndege. Wadogo zake wawili, wa miaka 8 na 5, watabaki na bibi yao. Siku yenyewe ya kuzaliwa itatukuta hukohuko. Naomba msaada: tiketi yake ikatwe ya mtoto au ya mtu mzima? Tumfiche mpaka asubuhi ya kuondoka? Wadogo tuwaambie nini wasijione wametengwa? Na watu husahau nini hadi wakwame kaunta ya uwanja wa ndege?

Karani_wa_Tiketi
Hongera kwa binti. Naanza na tiketi maana ndiyo inayowaponyoka wengi.

Kwa mashirika mengi ya ndege, mtoto ni aliyetimiza miaka 2 na hajafikisha 12. Kinachotazamwa kwa kawaida ni umri wake siku safari inapoanza, kwa hiyo anayeondoka na miaka 11 na kurudi na 12 mara nyingi hubaki na nauli ya mtoto kwenda na kurudi. Mambo hubadilika mkikata tiketi mbili mbalimbali, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi: ile ya kurudi inahesabiwa safari mpya, na siku hiyo yeye ni mtu mzima. Soma masharti ya shirika lenu kabla ya kulipa. Jaza tarehe halisi ya kuzaliwa, hata kama mfumo unakulazimisha kulipa zaidi. Umri ukipishana na pasipoti, tofauti hutozwa pale kaunta kwa nauli ya siku hiyo, ambayo huwa juu.

Watatu wote muwe kwenye namba moja ya kuhifadhi nafasi (booking). Mkigawanyika, mfumo haujui kuwa ni familia na unaweza kumpeleka binti safu ya nyuma kabisa. Chagueni viti mapema.

Pasipoti: nchi nyingi huwapa watoto ya miaka 5 tu badala ya 10, kwa hiyo ya mtoto hufa kabla ya zenu. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 iliyobaki. Hesabu miezi hiyo kuanzia siku ya kurudi, siyo ya kuondoka, na utakuwa salama kote. Hakikisha zimebaki kurasa mbili tupu. Bebeni nakala iliyothibitishwa ya cheti chake cha kuzaliwa, hasa kama jina la ukoo la mama halifanani na la mtoto. Mzazi mmoja akilazimika kurudi mapema, anayebaki na mtoto awe na barua ya idhini ya mwenzake: majina matatu ya kila mmoja, namba za pasipoti, tarehe, mahali mnapolala, simu, sahihi, na muhuri wa wakili. Andaeni barua mbili, moja kwa kila mzazi, kabla ya kuondoka. Kuitafuta mkiwa ugenini ni kazi ya siku nzima.

ShajaraYaNjia
Karani amemaliza upande wa karatasi, nami niseme kuhusu kumficha. Msimfiche. Mtoto wa miaka 12 anataka kuchagua nguo zake, kuwaambia rafiki zake, kuhesabu siku. Kusubiri ni nusu ya zawadi. Tena siri yenyewe haikai: atapelekwa kupiga picha ya pasipoti, pengine na kuchanjwa, na atauliza. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, hivyo nchi mnayokwenda ikikitaka, hamwezi kumpeleka juzi yake.

Mkitaka mshangao, fichieni jambo moja dogo la siku yenyewe. Safari ajue, tena achague. Namna ya kumchagulisha ina maana kubwa: wekeni mezani sehemu tatu ambazo tayari mmezikagua bei, viza na nafasi. Ukimuuliza "unataka kwenda wapi?" bila mipaka atataja pahali msipoweza, na hapo mtaanza zawadi kwa kumkatalia.

Siku ya kuzaliwa isiwe ya kusafiri. Kwa usiku tano, iwe siku ya tatu au ya nne, mwili ukiwa umeshazoea saa za huko. Na angalieni kalenda kama mnavuka bahari ya Pasifiki kuelekea magharibi: anayeruka Los Angeles kwenda Sydney usiku wa tarehe 10 hushuka asubuhi ya tarehe 12. Tarehe 11 imemezwa karibu yote na mstari wa tarehe, ule mpaka wa katikati ya Pasifiki ambapo kalenda huruka siku. Usikubali iwe ndiyo siku ya mtoto.

Kila siku iwe na jambo moja kubwa, lifanywe asubuhi. Mchana uwe wazi. Ratiba za wazazi huharibika kwa kutaka kulipia kila saa.

Mama_Mapacha
Kuna hesabu ndogo ambayo wapangaji huisahau: mko watatu, na dunia imepangwa kwa wawiliwawili. Vyumba vingi vya hoteli ni vya watu wawili, na miaka 12 hoteli nyingine humhesabu mtu mzima. Ukiandika "wawili" ukitegemea kumpenyeza wa tatu, mapokezi wana haki ya kukataa, kwa sababu idadi ya walalao imefungwa na kanuni za moto. Andika watatu na umri atakaokuwa nao, kisha uulize kwa barua pepe kama kitanda cha ziada ni kitanda kweli au ni kochi la kukunjua. Jibu lao mlichapishe.

Vivyo hivyo kwenye mashua, farasi, mabehewa ya michezo: viti viwili, mmoja anabaki. Amueni mapema mnavyopokezana, ama sivyo atabaki mzazi yuleyule kila mara akishika mikoba. Mimi napendekeza mgawanye kabisa: nusu siku na mama peke yake, nusu siku na baba peke yake, zilizobaki pamoja. Mtoto mwenye wadogo wawili ni nadra kumpata mzazi mmoja mzima.

Bustani za michezo hupima kimo, siyo umri. Mipaka inayoonekana sana ni sm 122, 132 na 140. Mpimeni nyumbani bila viatu, kisha mlinganishe na orodha ya bustani kabla hajachagua. Kukataliwa mlangoni siku ya kuzaliwa kwa upungufu wa sentimita mbili kunamwumiza mtoto kuliko mnavyodhani.

MzaziWaTatu
Asanteni sana, hilo la watatu hatukuliwaza hata kidogo. Wadogo je? Na naweza kubeba mapambo kutoka nyumbani?

Mama_Mapacha
Wadogo waambieni kanuni, siyo faraja: "kila mmoja akifikisha miaka 12 anasafiri na baba na mama, usiku tano." Kipimo kiwe usiku, kisiwe fedha, kwani miaka minne ijayo bei zitakuwa nyingine na mtajikuta mnalinganisha visivyolingana. Kisha ahadi itimizwe. Msiwanunulie zawadi za kuwapooza. Mtawafundisha kwamba wamepunjwa. Huyo wa miaka 5 siku haziingii akilini, mkatieni karatasi tano achane moja kila asubuhi.

Bibi mwachieni barua ya kuwaruhusu watoto kutibiwa, kadi za bima, na orodha ya dawa zinazowadhuru. Ikitokea homa usiku nanyi mko angani, hospitali itamuuliza yeye.

Karani_wa_Tiketi
Mapambo: karatasi za rangi na baluni zisizopulizwa hazina shida. Mishumaa ya cheche na vile vibomba vya kurusha vikaratasi haviruhusiwi ndegeni, iwe begi la mkononi au la kusajili, kwani ni baruti. Zawadi msiifunge kabla. Mkaguzi ana haki ya kuifungua. Bebeni karatasi ya kufungia pembeni. Malai ya keki kwenye kopo huhesabiwa kama kimiminika, na viwanja vingi bado vinaweka mpaka wa ml 100 mkononi. Keki iagizwe huko kupitia hoteli, na muulize kama mshumaa unaruhusiwa chumbani. Kengele za moshi za hoteli nyingine huamsha jengo zima.

Zawadi ikiwa ya betri, au mkibeba pawabenki (betri ya kuchajia) ya kamera yake, pawabenki ni ya begi la mkononi tu, na kikomo ni wati-saa 100 bila kibali. Zidisha mAh (ujazo wa betri ulioandikwa juu yake) kwa 3.7 ugawe kwa 1,000: ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, inahitaji kibali cha shirika. Ikiwa maandishi yamefutika juu yake iacheni nyumbani, maana mkaguzi asiyeweza kusoma kipimo huichukua.