Tupeane uzoefu: kutandaza mawe ya asili bustanini, nini kilikukuta?

Kamba na Pima
Wakuu, salaam. Nimepita kwa jirani nikakuta anapangiwa mawe bustanini, yale mapana ya asili yasiyo na umbo maalumu, nikaganda pale hadi akaniuliza kama nina shida. Sasa nami nataka kibaraza cha kukaa nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 5. Fundi wa kwanza anasema tunakwangua majani, tunamwaga mchanga, tunapanga mawe, kazi imeisha. Wa pili anataka tuchimbe hadi magotini. Nani mkweli? Mliopitia hili, mwageni yaliyowakuta, hasa mabaya.

Mama Bustani
Huyo wa kwanza mkimbie.

Saidia Fundi Mstaafu
Hata wa pili kazidisha, magotini anajenga ghorofa? Jiwe lenyewe sentimita 4 au 5, mchanga wa kulalia 3 hadi 5, chini yake kokoto zenye vumbi lake sentimita 10 hadi 15. Jumlisha mwenyewe, ni 17 hadi 25. Ukiwa na udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ongeza kokoto. Na zisimwagwe zote kwa mpigo. Mwaga nusu, nyunyiza maji, shindilia, ndipo umwage zilizobaki. Kompakta ndogo, ile mashine ya kushindilia, haifiki chini ya tabaka nene, juu panakuwa pagumu na chini panabaki pamelegea.

Ukuta Mbichi
Uzi huu umenitonesha kidonda, ngoja niseme yote.

Kibaraza changu kilikuwa kizuri kuliko nyumba yenyewe. Mawe ya kijivu yenye michirizi ya kutu, mianya imejazwa kwa ustadi, wageni tunawapitisha sebuleni bila kusimama tunakwenda kukaa nje. Siku ya kukabidhi, fundi aliweka pima maji juu ya jiwe la katikati, povu likatulia katikati kabisa, akaniambia, "Bosi, hii imelala kama maji kwenye sahani." Akapewa na cha asante juu.

Sakafu ya nje hailazwi hivyo bila mteremko wa kutoa maji, wakuu! Lakini nani angeniambia? Halafu udongo wa kando ya msingi wa nyumba ni kifusi kilichorudishwa wakati wa ujenzi, hakuna aliyekishindilia. Kikaanza kuzama taratibu, mawe ya upande wa nyumba yakazama nacho. Kwa hiyo mteremko ukapatikana, ila unaelekea mlangoni.

Mvua kubwa ilikuja usiku. Mama watoto ndiye aliyeamka, anasema amesikia kitu kinatembea sebuleni. Nimeshuka kitandani, mguu umetua kwenye maji. Zulia linaelea. Nimefungua mlango wa nyuma, jambo ambalo sikushauri ulifanye, maana maji yaliyokuwa yamezuiwa na mlango yote yakaingia kunisalimia. Tumekesha tunachota kwa madishi, watoto wamepandishwa juu ya meza, mdogo anafurahi anadhani ni mchezo.

Baada ya hapo ukuta ukaanza kulowa kwa ndani, rangi inabanduka hadi usawa wa kiuno. Fundi mwingine alipokuja alinyoosha kidole tu. Mawe yalikuwa yamepanda juu ya ile nailoni inayolazwa ndani ya ukuta kuzuia unyevu, kwa hiyo maji yanaruka nailoni na kupanda zake. Ilibidi kung'oa upande wote wa nyumba, kushusha uso wa mawe hadi sentimita 15 chini ya nailoni, na kutoa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea bustanini. Yule wa kwanza simu yake inaita tu hadi leo.

Kokoto Tupu
Hilo la ukuta kunyonya maji yamenikuta hivyo hivyo. Pole sana, kaka.

Mchanga Daima
Pole mkuu. Ila shukuru yalikuwa juu ya mchanga, uling'oa ukarudishia mawe yale yale. Yangekuwa kwenye saruji ungeng'oa vipande. Ndiyo maana nasema kila siku: bustanini ni mchanga, saruji ni ya ndani.

Saruji Kwanza
Tena? Mchanga wako siafu wanauhamisha usiku na magugu yanaota asubuhi. Jiwe linaanza kucheza, mzee anakanyaga ukingo, anaanguka. Saruji ukiilaza vizuri huigusi tena.

Mchanga Daima
"Ukiilaza vizuri." Mafundi wangapi wanailaza vizuri? Wanaweka madonge matano, manne kwenye kona na moja katikati, wanabandika jiwe juu wanaondoka. Ligonge uone, linalia wazi. Maji yanakaa humo, chungu wanafanya makazi, na ukiweka mguu wa meza nzito mahali pasipo na donge jiwe linapasuka.

Saruji Kwanza
Hapo kosa ni la fundi, si la saruji! Tandaza udongo wa saruji chini ya jiwe zima, mchanga ndoo 4 kwa saruji ndoo 1, usiwe majimaji. Jiwe lifute vumbi mgongoni, lipake uji mzito wa saruji, ndipo ulaze na kugonga kwa nyundo ya mpira. Hiyo hata tetemeko litaomba ruhusa.

Mama Bustani
Nyie wawili tafuteni chumba mkagombane huko. Mimi nina mchanga na sijawahi kuona siafu. Magugu ninayo, nang'oa nikiwa na hasira, inasaidia.

Shimo la Zamani
Nilikuwa msomaji tu humu, leo lazima niandike. Hiyo kazi ya kushindilia mnayoitaja kwa wepesi ilitaka kuua mtu kwangu.

Nyumba tuliinunua kwa mtu. Nyuma kuna nyasi nzuri kabisa, kijani kuliko kwingine, tukasema kibaraza kinakaa hapa hapa. Wamechimba, wamemwaga kokoto, kijana akawasha kompakta. Anakwenda, anarudi. Mimi nipo dirishani. Nikaona kokoto zinabonyea mbele yake, akadhani ni mahali pamelegea, akarudia palepale. Ardhi ikafunguka. Kompakta imekwenda chini inanguruma, kijana kaangukia kifua kwenye ukingo, miguu inaning'inia. Harufu iliyotoka hapo, wakuu, naomba nisiielezee.

Lilikuwa shimo la choo la zamani, kifuniko chake cha zege jembamba kimeliwa, juu wakafukia udongo na kupanda nyasi. Ndiyo maana ya ule ukijani.

Tulimvuta kwa mikono. Sasa mwenzake, kwa uchungu wa mashine ya kukodi, akawa anavua shati ashuke kuifunga kamba. Fundi mzee alimpiga kofi la mgongo akamwambia, "Ile si harufu tu, ile ni hewa inayoua, na anayefuata kuokoa ndiye wa pili kufa." Akakaa.

Kokoto Tupu
Duh! Kijana alipona?

Mama Bustani
Na kompakta je? Msitufiche.

Ukuta Mbichi
Nimeacha kulalamika kuhusu zulia langu.

Shimo la Zamani
Alipona, michubuko tu. Kompakta ilivutwa kwa winchi, mwenyewe alikataa kuipokea, mazungumzo yake ni uzi mwingine. Shimo lilinyonywa, likajazwa mawe na kifusi huku likishindiliwa. Kibaraza tukakihamishia upande mwingine.

Saidia Fundi Mstaafu
Fundi mzee huyo apewe kiti. Kabla ya kuchimba chukua mtaimbo, piga kila hatua moja eneo zima, sikiliza. Uliza mabomba na nyaya zinapita wapi. Na wale vijana wanaokata mawe makavu kwa grinda wamefunga kitambaa puani, vumbi lile linaharibu mapafu kabisa. Wamwagie maji wakati wa kukata na wavae barakoa ya vumbi ya kweli. Tena jiwe la sentimita 60 kwa 60 lenye unene wa 4 lina zaidi ya kilo 35, libebwe na watu wawili.

Mwenye Madoa
Kwangu ni asidi. Saruji ilidondokea mawe, kibarua akaleta asidi ya kusafishia choo. Mawe ni ya chokaa! Yakachemka povu, sasa yana mabaka na yamekwaruzika. Ule weupe wa chumvichumvi unaotoka kwenye saruji nao usiutie asidi, usugue kwa brashi kavu, unapungua wenyewe.

Kokoto Tupu
Paka dawa ya kuziba vinyweleo vya mawe siku hiyo hiyo ya kumaliza, hutaona doa.

Mwenye Madoa
Siku hiyo hiyo unafungia unyevu ndani. Subiri yakauke kabisa.

Kokoto Tupu
Mimi nilipaka siku hiyo na yanang'aa.

Mama Bustani
Yanang'aa na yanateleza. Tuambie mvua ikinyesha mnatembeaje.

Kamba na Pima
Wakuu asanteni, sijalala vizuri. Leo nimepita na mtaimbo. Shimo hakuna, ila bomba la maji taka la jikoni linapita katikati kabisa ya nilipopachagua, halina hata sentimita 30 kwenda chini. Kuhamisha kibaraza siwezi, kuna mti.

Mchanga Daima
Mkuu, bomba chini na mizizi pembeni, bado unajiuliza? Bomba likiziba unainua mawe, unazibua, unarudishia.

Saruji Kwanza
Hamisha bomba kwanza, halafu tuongee.