Tupeane uzoefu: sabuni na upangaji wa vyombo kwenye mashine ya kuoshea

Mama wa Njiro: Habari za jioni wapendwa. Dada yangu amerudi kutoka Ujerumani, kaniachia mashine ya kuoshea vyombo. Wiki ya tatu sasa, glasi zinatoka na ukungu mweupe na bakuli za makande zina maganda ya maharage yaliyogandia ukingoni. Sabuni najaza kisanduku mpaka juu. Mnasuuza vyombo kwanza au mnaviweka hivyo hivyo? Aliyepitia aseme.

Meku_Kibosho: Usisuuze. Kwangua mabaki, mpe kuku, weka. Vidonge vya sabuni ya mashine vina vimeng'enya vya kula wanga na protini, ukiosha kabisa unapoteza maji bure.

Soweto_Moshi: Mimi nasuuza kila kitu. Ugali ukikauka kwenye mwiko hakuna mashine inayoutoa.

Meku_Kibosho: Mwiko wa mti hauingii humo mangi! Utapasuka.

BintiMachame: Umenikumbusha Krismasi ya juzi, ngoja niseme. Disemba mnaijua, ukoo mzima uko nyumbani. Shemeji alimletea mama mkwe mashine ili asihangaike na vyombo vya watu thelathini. Mimi ndiye niliyesoma maelekezo, nikakabidhiwa jiko.

Raundi ya kwanza niliweka kidonge cha mwisho kilichobaki, nikapanga sahani, na katikati nikalaza sufuria la machalari la mama mkwe. Sufuria la alumini, alipewa harusini kwake 1978. Lilipotoka lilikuwa jeusi. Siyo masizi, jeusi lenyewe, ndani na nje. Mama akalichukua, akaligeuza mara mbili, akapitisha kidole, kidole kikatoka na weusi. Akaliweka chini ya meza bila kusema neno. Ile kimya ndugu zangu, sijaisahau.

Nikiwa bado natetemeka, raundi ya pili vidonge hakuna. Wifi akasema weka sabuni ya maji, si sabuni ni sabuni? Nikamimina ile ya kijani ya dumu, kama kikombe cha kahawa. Dakika kumi, povu linatoka chini ya mlango. Likavuka jiko, likaingia sebuleni, likafika kwenye zulia alipolala baba mkwe. Akaamka miguu imelowa anauliza nani kamwaga maziwa. Nikazima swichi ukutani, nikafungua mlango, povu likaniangukia mpaka kwenye vifundo. Tulilichota kwa kata ya mbege, watoto wanabeba ndoo. Shangazi mmoja akanyunyiza chumvi, ndipo likaanza kushuka. Saa nne usiku bado tunapiga deki.

Kijenge_1: Pole sana dada. Hapo kwenye sufuria nimeumia.

Mama wa Njiro: Jamani! Sufuria lilirudi?

BintiMachame: Asubuhi tulichemsha maji na ndimu ndani yake kama nusu saa. Likarudi kijivu, siyo kama zamani. Mama analipikia mpaka leo.

Sakina_Mjini: Hela ya mashine si bora umwongeze mshahara dada wa kazi?

Soweto_Moshi: Uzi ni wa sabuni, ya dada fungulia wa kwako.

Sakina_Mjini: Nimeuliza tu, siyo ugomvi. Mikono ya yule binti inachubuka na steelwire kila siku, nayo ihesabiwe.

Mkazi_Tengeru: Mama Njiro, huo weupe ni floraidi ya maji ya Meru. Tazama meno yetu yalivyo ya kahawia.

Mwalimu_Kemia: Hapana ndugu. Meno, ndiyo: Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo mbali. Ila ukoko mweupe kwenye glasi unaletwa na kalsiamu na magnesiamu, na maji yenye floraidi nyingi huku kwa kawaida yana kalsiamu kidogo.

Mkazi_Tengeru: Birika langu lina ukoko mwalimu, usiniambie maji yangu.

Mwalimu_Kemia: La kwako linaweza kuwa nao, visima havifanani. Mama Njiro, pima hivi: futa glasi moja kwa siki. Ukungu ukitoka, ni chokaa, weka chumvi ya mashine kwenye tangi lake, siyo ya mezani. Usipotoka, ni kioo chenyewe kimeliwa. Maji laini na sabuni nyingi hula kioo.

Ngaramtoni_Juu: Sisi tunatia magadi kidogo, vyombo vinang'aa.

Mwalimu_Kemia: Magadi usitie! Ndiyo yanayokula alumini na kioo.

Ngaramtoni_Juu: Miaka miwili sasa, sijaona shida.

Kijenge_1: Cheki mkono unaorusha maji. Sahani zilikuwa zinatoka na mafuta upande mmoja, kumbe kijiti cha mshikaki kimechomoza chini ya kichanja, mkono hauzunguki. Na chujio la chini litoe kila wiki, mimi nilikuta wali na mwiba wa sato. Bakuli zigeukie chini, zisilaliane.

Soweto_Moshi: Umeme ukikatika katikati usitoe vyombo, sabuni bado iko juu yake. Subiri urudi imalizie.

Mama wa Njiro: Nimefuta kwa siki sasa hivi, glasi mbili. Ukungu haujatoka hata kidogo, na nikipitisha ukucha nasikia mikwaruzo. Kwa hiyo hizi zimeshaliwa. Kuanzia kesho nusu ya sabuni. BintiMachame, asante, nimetoa sufuria zangu zote za alumini humo usiku huu huu.