Mjadala: Altrasaundi ya mjamzito ilipiwe na nani?

Mama Kibaha: Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi angalau mara moja kabla mimba haijafika wiki 24. Sera yetu inasema huduma za mjamzito ni bure, lakini mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, tukaambiwa mashine ni mbovu, tuvuke barabara. Huko alitoa shilingi 25,000 alizozifunga kwenye pindo la khanga kwa ajili ya vifaa vya kujifungulia. Je, hii ni haki?

Mlipa Kodi: Serikali imejitahidi. Katika shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Uviko-19 wa mwaka 2021, zilinunuliwa hata CT skani, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, za hospitali za rufaa za mikoa. Tuseme ukweli: mtu anachangia harusi 100,000 bila kulalamika, ila 25,000 ya kipimo anaiita mzigo.

Mama Kibaha: Ndugu, hapo umenichoma. Mdogo wangu anauza mboga, na harusi unayoisema hajaalikwa.

Mkulima Handeni: Mimi pia sikubaliani na Mlipa Kodi. Mchango wa harusi unatolewa kidogo kidogo kwa miezi, na anayechangia leo atachangiwa kesho, pengine msibani. Fedha ya kipimo inadaiwa dirishani, siku hiyohiyo, nasi tunashika fedha wakati wa mavuno tu.

Mlipa Kodi: Sikumsema mtu. Nimesema tunapanga vibaya, na kamati za harusi zinatumaliza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Tukate bima mapema.

Mkulima Handeni: Bima hiyo itanisaidia nini mbele ya mashine mbovu?

Chumba cha Mionzi: Naomba tuache harusi. Ninafanya kazi hii kila siku, na ninaumia kuona mashine isiyo na ubovu imefunikwa shuka kwa sababu aliyefundishwa kuitumia amehamishwa. Picha ya eksirei unaweza kuituma kwa daktari bingwa aliye mbali akaisoma kesho, lakini altrasaundi kwa kawaida husomwa na yuleyule anayepitisha kifaa tumboni. Asiyefundishwa vizuri ataona moyo wa mtoto unapiga, afurahi, na asitambue kwamba kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto kutokea.

Mama Kibaha: Umenitia hofu, kaka. Karatasi ya mdogo wangu imeandikwa kondo liko chini, arudi wiki ya 32. Kipimo hiki kimoja hakitoshi?

Chumba cha Mionzi: Hakitoshi, dada, ingawa msife moyo, kwani mara nyingi kondo hupanda kadiri mimba inavyokua. Lazima aangaliwe tena. Nendeni hospitali ya wilaya na kadi ya kliniki, na mkidaiwa fedha mwoneni afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha kabla ya kulipa. Akitokwa na damu, hata kidogo na bila maumivu, msisubiri wiki ya 32.