Mjadala: Nyota za Titanic zilirekebishwa, mbona Murdoch ameachwa hivyo hivyo?

Msafiri wa Nakuru

Jana nilikuwa natoka Nakuru kuja Kisumu na ile basi iko na skrini pale mbele, kondakta akaweka Titanic, ile ya James Cameron ya 1997. Kufika Molo nusu ya basi wamelala. Kericho meli imegonga barafu na kila mtu ameamka, hata mtoto wa jirani ameacha kulia. Sasa tukiteremka kuelekea Awasi ndio yule afisa akapiga abiria risasi halafu akajimaliza mwenyewe, na mzee wa kiti ya mbele yangu akasema kwa sauti, "Huyo si alikula hongo? Wacha aende." Nikashindwa kunyamaza. Tumebishana mpaka Ahero, watu wakachagua pande, na kwa sababu sikumaliza huko naleta hapa.

Huyo afisa hakutungwa. Ni William Murdoch, afisa wa kwanza wa Titanic, mtu wa Dalbeattie huko Scotland. Jack na Rose ni wa kutungwa, sawa, hakuna mtu analia juu ya hao. Lakini hakuna ushahidi wowote ule kwamba Murdoch alichukua pesa ya tajiri ndio ampe nafasi kwa mashua. Kinachojulikana ni kwamba upande wake wa meli, ule wa kulia, wanawake wakikosekana alikuwa anaruhusu wanaume waingie, na upande wa kushoto mwenzake Lightoller alikuwa anawakataa. Kuna wanaume walifika Marekani wakiwa hai juu ya huyo jamaa.

1998 mkubwa mmoja wa ile studio alisafiri mpaka Dalbeattie akaomba msamaha, na pauni 5,000 zikaenda kwa shule ya hapo kwa kumbukumbu yake. Poa. Lakini muvi yenyewe haikuguswa. Halafu 2012 wakiirudisha kwa 3D, Cameron alibadilisha nyota za angani! Mtaalamu wa anga, Neil deGrasse Tyson, alikuwa amemwambia kwamba anga ile Rose anaangalia sio anga ya usiku ule, akasikia, akarekebisha. Nyota zikapata haki yao, mtu hakupata. Swali langu ni moja tu: mtu amekufa, ana jina, ana ndugu, muvi inaweza kumpa dhambi ambayo hakufanya ati ndio stori inoge?

Omera wa Kondele

Wewe ungeacha mzee aangalie muvi kwa amani 😂 Omera, muvi sio affidavit. Ukitaka historia nenda maktaba.

Msafiri wa Nakuru

Maktaba gani? Mzee wa watu amejua Titanic kwa basi na kwa kibanda cha video, kama mimi na wewe. Hapo ndio shida iko.

Ticha Kakamega

Nafundisha historia na mimi nitakuja kati kati, msinipige mawe.

Moja, hio risasi haikutoka hewani kabisa. Lowe, afisa mwingine wa hio meli, alikubali mwenyewe mbele ya uchunguzi kwamba alifyatua risasi kando ya meli kutisha watu wasirukie mashua. Na kuna abiria wawili waliopona, wa daraja tofauti, kila mmoja aliandika barua kwamba aliona afisa akipiga watu halafu akijipiga. Jina hawakusema. Lightoller naye alimwandikia mjane wa Murdoch kwamba hizo ni uongo. Kwa hivyo risasi tunaweza bishania mpaka kesho, lakini hongo ni ya Cameron peke yake, hapo nakubaliana na Msafiri bila hata koma.

Mbili, na hii ndio watu husahau, wakati mwingine muvi ilikuwa sawa kuliko makaratasi. Uchunguzi wa 1912 ulisema meli ilizama ikiwa nzima, na watu walisema kwa macho yao waliiona ikikatika. Waliaminika lini? 1985, Ballard, mtafiti wa bahari wa Marekani, na Wafaransa walipopata mabaki na ni vipande viwili. Na yale mageti ya chini mnaona yamefungwa, jamaa mmoja wa daraja la tatu, Daniel Buckley, alieleza uchunguzi wa Marekani vile baharia alifunga geti na abiria akalivunja. Uchunguzi wa Uingereza ukasema watu wa daraja la tatu hawakubaguliwa. Mnajua waliita abiria wangapi wa daraja la tatu kutoa ushahidi? Hakuna. Hata mmoja. Na wanawake wa daraja la kwanza karibu wote walipona, kama 97 kwa mia, wa daraja la tatu hata nusu hawakufika. Sasa mtu ambaye faili haikumuita, nani atamsemea kama sio mtunzi?

Omera wa Kondele

Ticha umeongea. Ongeza pia yule Joseph Laroche, injinia mweusi kutoka Haiti, alikuwa daraja la pili na mke na watoto wawili wa kike. Mke na watoto waliokoka, yeye akabaki. Muvi ya masaa matatu na haimo! Kwa hivyo msilie tu juu ya aliyesingiziwa, kuna pia wa kufutwa kabisa.

Msafiri wa Nakuru

Ticha nakupa nusu. Tunga Jack mia moja wa daraja la tatu, wape maneno, wavunje mageti yote, mimi nitapiga makofi. Lakini ukitaka mla hongo mpe jina la kutunga pia. Kwani ingegharimu nini kuita yule afisa jina lingine?

Binti Dunga

Mnaongea Atlantiki na ziwa liko hapa. Siku wakitengeneza muvi ya MV Bukoba, ile meli ya Tanzania iliyozama Ziwa Victoria, mtasema nini? 21 Mei 1996, inatoka Bukoba inaenda Mwanza, meli ya watu 430, na waliokufa wanatajwa kupita 800. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Na mnajua kulikuwa na watu ndani wakigonga chuma baada ya meli kupinduka, ikatobolewa ndio watolewe, hewa ikatoka, ikazama nao. Mtunzi wa hapo hahitaji kuongeza chumvi. Akiongeza tu mhalifu mmoja, yaani nahodha mlevi ama nani sijui, watu wote watatoka wakimlaani huyo na kusahau kuuliza nani aliuza hizo tiketi zote.

Ticha Kakamega

Binti, hapo kwa mhalifu mmoja umenishika. Titanic ilikuwa na mashua 20 za watu 1,178 na ndani wako zaidi ya 2,200, na sheria ya Uingereza ilikuwa haijavunjwa, juu ilihesabu uzito wa meli, sio vichwa. Hio sheria haina sura ya kuweka kwa skrini. Murdoch alikuwa na sura.

Omera wa Kondele

Sasa kama hakuna orodha, Binti, mtu wa daraja la tatu wa Bukoba ataingiaje kwa muvi kama sio kutungwa? Jina watatoa wapi?

Binti Dunga

Mmoja ninajua. Mjomba wangu alikuwa anauza nyavu, na jamaa wa Mwanza alikuwa mteja wake, akichukua kwa mkopo analipa akirudi. Jina lake liko kwa daftari ya mjomba, peni ya bluu, nyavu tatu. Wengine wote kwa hio page wamepigwa mstari. Yeye mjomba alikataa kumpiga.

Msafiri wa Nakuru

Hio daftari bado iko?

Binti Dunga

Iko. Panya wamekula kona lakini page iko.