Mrejesho: mota ya mashine ya mawese Kigoma
Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kuhusu mota ya kukamua mawese kwa mteja, inapiga kazi dakika kumi inazima yenyewe. Nimepanda basi toka Dar mpaka mgongo umekufa, nafika naambiwa fundi subiri, mwenye funguo yuko Ujiji, siku nzima nipo kivulini na samaki mgebuka wa kukaanga (hapo sijutii). Kesho yake napima, umeme unaoingia fezi zote tatu (waya tatu za moto zinazoendesha mota) ziko poa, ila baada ya kontakta (swichi inayopeleka umeme kwenye mota), ikishapata moto fezi moja inapotea, naifungua nakuta pointi zake za kugusana nyeusi tii, kumbe mota ilikuwa inabaki na fezi mbili inavuta ampea nyingi mpaka ovalodi (kinga inayozima mota ikizidiwa) inakata. Aliyenijibu humu nisiguse setingi ya ovalodi ubarikiwe, ningeipandisha ningeunguza mota. Kontakta mpya nimefunga jana, haijazima tena.