Tupeane uzoefu: ukuta wa bahari umebadilisha nini kwenye biashara yako na mtaa wako?

Muuza Madafu
Wakuu, heshima kwenu. Nauza madafu kwa baiskeli Barack Obama Drive, Dar, tangu enzi zile inaitwa Ocean Road (wazee bado wanaiita hivyo, na mimi sibishani na wazee). Kila ukitajwa ukuta wa bahari, watu wanaongelea mabadiliko ya tabianchi na fedha za wafadhili. Sawa. Mimi leo nataka tuongelee hela ya kula.

Kabla ya ukuta ule aliouzindua Mama Samia 2018, wakati huo Makamu wa Rais, bahari ilikuwa imeshaanza kula ukingo. Bamvua ikija, yaani maji kujaa kupita kawaida, na bamvua haikosi mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, wimbi linaruka mpaka barabarani. Mpita njia anahamia upande wa pili, mwenye gari hasimami kwa kuogopa chumvi. Kila bamvua nilikuwa nahesabu siku tatu nne hazipo. Piga hesabu ya mwezi mzima, na madafu yenyewe umechukua kwa mali kauli, unalipa ukishauza! Sasa hivi, siku hizohizo za bamvua ndizo watu wanakuja kutazama maji yakijaa. Wanakaa juu ya ukuta, wanapigwa na upepo, wanaita "lete la nyama laini".

Haya, tiririkeni. Mazuri na mabaya.

Mtembeza Wageni
Shikamoo mzee. Niko Mombasa, kazi yangu kutembeza wageni Fort Jesus. Ngome ile Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, juu ya mwamba wa matumbawe. Wageni huangalia kuta za juu na mizinga. Sisi tuliozoea tulikuwa twaangalia chini, kule wimbi lilikochimba mwamba likatoboa kama panya kwenye mkate. UNESCO waliitia kwenye urithi wa dunia 2011, lakini bahari haisomi vyeti.

Ulipojengwa ukuta upande wa bahari, wako walionung'unika kuwa sura ya ngome imeharibika. Mimi nasema hivi: ngome ndiyo ofisi yetu. Ikifungwa kwa ufa, si mimi pekee nitakayelala njaa. Kuna wa tuktuk, wa leso na vinyago, na yule mama wa viazi karai ambaye mgeni akishaonja haulizi tena bei.

Duka la Kona
Mimi nitatoa la uchungu kidogo. Mji siutaji, wenye mji watajijua.

Nina duka la rejareja na friji la samaki, hatua kama thelathini kutoka ufukweni. Ukuta ulipokwisha tulishangilia. Nikashusha magunia ya unga kutoka juu ya matofali, nikaweka chini kama maduka ya watu. Bamvua ya kwanza kubwa ya mwezi wa tatu, niko kaunta natazama ukuta, mkavu kabisa. Nageuka, maji yananifuata kutoka UANI. Yamepitia mtaro wa mvua. Mtaro umetobolewa chini ya ukuta ili maji ya mvua yatoke, mdomo uko wazi, na bahari ikijaa inakuwa juu kuliko mdomo. Kwa hiyo inarudi kwa njia ileile, kama mwizi aliyeachiwa ufunguo.

Unga magunia manne. Mota ya friji ikafa, maana maji ya chumvi hayana huruma na mota. Tukaenda kulalamika, tukaambiwa mradi umeshakabidhiwa.

Tukachangishana, wenye maduka na wenye nyumba. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea kibao cha chuma chenye bawaba juu, pembeni kavisha mpira wa tairi. Mvua ikinyesha, maji yanakisukuma kinafunguka. Bahari ikijaa, inakibana kinafunga. Basi! Kasoro yake ni takataka: chupa moja ya soda ikikwama pale, hakifungi. Ndiyo maana tuna zamu, kila mmoja siku yake ya kusafisha, na asiyekwenda tunamjua kwa harufu ya uani kwake 😅

Tangu hapo sijapandisha gunia. Hata wa jumla wameanza kunikopesha, zamani walikuwa wanasema "duka lako linaogelea".

Mpemba Halisi
Huku kwetu Pemba mambo ni ya shamba. Maji ya chumvi yakishaingia bonde la mpunga, usitarajie kuvuna hapo kwa misimu. Kuta zimejengwa baadhi ya sehemu, na hata kile kisiwa kidogo cha Kisiwa Panza ukuta upo. Lakini msisahau mikoko. Mbegu yake ndefu kama kidole, unaichomeka tu kwenye tope. Ikishakua inavunja wimbi, kaa wanarudi, na wafugaji wa nyuki wanatega mizinga. Ukuta haukupi asali.

Jirani wa Kunduchi
Ahsante Mpemba. Niongezee: ukuta wa mwenzio waweza kuwa msiba wako. Kunduchi zilijengwa kuta za mawe zinazoingia baharini ili kunasa mchanga mbele ya hoteli. Mchanga ukanaswa kweli. Ule uliokuwa unatembea na mkondo kuelekea kwa jirani je? Haukufika, na ufukwe wa jirani ukaliwa. Mkisikia mradi unakuja, ulizeni ukuta unaishia wapi na anayekaa baada ya mwisho wake ni nani.

Muuza Madafu
Nimesoma yote. Duka la Kona, hicho kibao kina unene gani, na bawaba zake ni za chuma cha kawaida? Za kawaida si chumvi itazimaliza?

Duka la Kona
Za kwanza zilikufa ndani ya mwaka, mzee. Tukaweka za shaba kutoka kwa mafundi wa boti. Unene milimita sita. Ikizidi hapo, mvua ndogo haiwezi kukisukuma.

Muuza Madafu
Shukrani. Kuna mtaro karibu na ninapoegesha baiskeli, kesho maji yakipwa nitaushukia nikauangalie mdomo wake.